Hotuba ya Babu kwenye Nyasi za Thamesmead

Walisema sitaweza. Shangazi zangu wa Tanga walisema mtoto aliyezaliwa Landani akirudi nyumbani ataomba maji kwa Kiingereza mpaka kiu imuue. Mjomba mmoja alinicheka usoni: "Huyu apime mashamba? Akiona nyoka wa kwanza tu, atadai tiketi ya ndege!" Leo nina stashahada ya upimaji ardhi, niliyojilipia mwenyewe kwa kufagia ofisi za watu, na wilayani kwetu sijui kijiji ambako sijasimika jiwe la mpaka. Nasema bila aibu: nimeweza. Lakini Kiswahili hiki ninachojivunia kiliwahi kunikwama kooni, na aliyeumia ni babu yangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alitunza wazee wa watu, zamu juu ya zamu, nami nikitoka shule nilijifungulia mlango wa fleti yetu ya Thamesmead, Landani, nikawasha televisheni ili pawe na mtu anayeongea. Bibi alipofariki, Mama akamleta Babu kutoka Tanga akae nasi, na nyumba ikaanza kunukia ugoro na mafuta ya nazi. Kwao Babu alikuwa mtu mzito. Aliwaongoza wakulima wasio na ardhi kuingia kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, akafungwa mara mbili, akatoka bila kumwomba mtu radhi, mpaka shamba likagawiwa waliolilima. Landani hakuna aliyemjua. Alisimama dirishani siku nzima akitazama nyasi pana zilizokuwa kati ya maghorofa yetu.

"Bibie, ile ya nani?" aliniuliza. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyojibu kila kitu, kwamba si ya mtu. Neno hilo alilielewa.

Kesho yake alishuka na sepetu na kamba ya kuanikia nguo. Alipima vipande sita, akawaita majirani, na kwa vijiti vya aiskrimu wakapiga kura nani achukue kipi. Yeye alichukua kilichobaki, kile cha kivulini kando ya mapipa ya taka. Mama Wanjiru, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya chini, akamtania: "Mzee, kiongozi gani huyu anakula makombo?" Babu akacheka. "Kiongozi akichagua kwanza, mama, huyo ni meneja mpya wa shamba la mkonge." Kipande changu kilipata jua, nikapanda maharage. Udongo ule mweusi ulinuka mvua hata siku kavu. Majuma matano sikuwasha televisheni.

Ndipo akaja bwana wa halmashauri na karatasi zake. Babu alivaa koti, akasimama wima na kuhutubia. Alisema ardhi haimzalii anayeiandika bali humlisha anayeiinamia; alisema watu wa maghorofa haya waliishi bila kujuana majina, na sasa wanagombania mbolea kama ndugu; alisema kama ni kosa, afungwe yeye, mimea iachwe. Kisha akaniambia, "Mwambie."

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Lakini nilisikia "afungwe" tu. Nikamwambia yule bwana kwamba babu yangu anaomba radhi, hakujua. Akatabasamu, akatupa muda mpaka Ijumaa tung'oe mimea.

"Umemwambia yote?"

"Yote," nikasema, kwa Kiswahili safi.

Ijumaa ilikuja mashine. Babu aliitazama kutoka dirishani, mikono nyuma, mpaka zulia la nyasi likatandikwa upya. Mwezi haukuisha akamwomba Mama tiketi ya kurudi. Nikarudia televisheni yangu.

Siku nilipopata stashahada, kabla hata ya kuwaonyesha shangazi, nilikwenda kwa Babu, kijijini kwake Tanga, nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akakohoa. "Nilijua siku ileile. Nimehutubia mameneja wengi, bibie. Hakuna hata mmoja aliyetabasamu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unatetemeka."

Sasa Babu hayupo, na nyumba yake ninakaa mimi. Mchana mzima wanakijiji wananiita Bi Mpimaji, nami nazifikisha hoja zao kwa maofisa bila kupunguza hata moja; jioni wanakwenda kwa watoto wao, nami nafunga mlango. Ila siku ile ya stashahada nilimlipa. Nilisimama uani pake nikaitoa hotuba yake yote kwa Kiingereza, kama nilivyopaswa kumwambia yule bwana. Hakuelewa hata sentensi moja. Alivua kofia, akasikiliza hadi mwisho.