Alichosema Mama Ntambwe

Abigaëlle Tshiela alifundisha Kifaransa mjini Kolwezi kwa miaka kumi na tisa, na wakati wa likizo alifanya kazi ya ukalimani. Wageni waliokuja kuzungumzia umaskini wa Kongo walimpenda, kwa kuwa hakuchoka wala hakukosea majina ya watu. Yeye mwenyewe aliipenda kazi ile. Alifurahi kukaa katikati ya watu wasioelewana, kisha kuwaona wakitikisa vichwa pamoja kukubaliana.

Mwaka 2019 alipelekwa kwenye kikao katika kijiji kilicho njiani kwenda Nzilo. Kampuni ya mgodi ilitaka kupanua shimo lake, na mashamba ya mihogo ya kijiji yalikuwa juu ya madini. Kwa watakaohama iliahidi mafunzo ya ufundi na cherehani. Asubuhi nzima wataalamu wawili walibishana kwa Kifaransa chini ya hema. Mmoja alisema nchi maskini huinuliwa na viwanda, si majembe. Mwenzake akasema bila mafunzo ya ufundi kiwanda hakimsaidii mwenyeji. Wanakijiji walikaa kwenye viti vya plastiki wakingoja zamu yao.

Ilipofika, alisimama Mama Ntambwe, mjane aliyelima pale tangu aolewe.

"Munabishana juu yetu kama vile atuko hapa," alisema kwa sauti ya kawaida. "Sisi atutaki formation, ile mafunzo yenu. Atutaki cherehani. Tunakatala kutoka. Muandike vile."

Meneja wa kampuni alikuwa ameshaanza kutazama saa. Abigaëlle aliogopa kikao kisije kikavunjika na kijiji kikakosa hata kile kidogo kilichoahidiwa. Akawaambia wageni kwamba mama huyu ana wasiwasi kuhusu mashamba, na kwamba wanakijiji wangependa maelezo zaidi juu ya mafunzo.

Wageni waliandika. Mmoja aliweka mkono kifuani kumshukuru Mama Ntambwe, naye akaketi, akiamini ameeleweka.

Miezi minne baadaye alikuja shuleni kwa Abigaëlle akiwa na karatasi iliyokunjwa.

"Madame, unisomee hapa."

Zilikuwa kumbukumbu za kikao. Abigaëlle alimsomea kwamba jamii inaunga mkono mafunzo ya ufundi.

"Ni mi nilisema vile?"

"Hapana, mama."

"Nani alisema?"

"Ni mi." Abigaëlle hakuweza kumtazama. "Niliona wageni bangekasirika."

Mama Ntambwe alinyoosha mkono. "Nilitaka bakasirike," alisema, akaichukua karatasi yake.

Wiki hiyohiyo Abigaëlle aliandika barua kwa kampuni akikiri kosa lake. Karani alimjibu kwa adabu kuwa kumbukumbu zilikwisha kutiwa saini, na hoja mpya zingesikilizwa kwenye kikao kijacho. Akaandika tena, kisha akaenda mwenyewe mara mbili. Kabla ya mvua za Oktoba mashine zilipita juu ya mihogo. Cherehani zililetwa, na wanawake kumi na wanne wakajifunza kushona, lakini nguo za mitumba sokoni zilikuwa rahisi kuliko zao. Mama Ntambwe akahamia Sandoa kwa kaka yake.

Abigaëlle aliendelea na ukalimani kwa muda. Katika mkutano mmoja hotelini alitafsiri maneno makali ya mchimbaji kutoka Fungurume bila kupunguza hata moja. Mwenyekiti akaomba mapumziko. Tangu siku hiyo hakuitwa tena. Hakujutia hilo. Alijutia tu kwamba hakuanza mapema.

Pasaka iliyopita alipanda lori hadi Sandoa. Alimkuta Mama Ntambwe akilima kipande cha ardhi alichoazimwa, amekonda, mgongo umepinda. Walisalimiana, wakaulizana habari za familia. Mama Ntambwe alipika bukari, ugali wa huko, na majani ya mihogo, akamkaribisha mkekani.

"Mama, nimekuja kuomba pardon," alisema Abigaëlle.

"Ukule kwanza. Inapoa."

Alikula. Walipomaliza, Mama Ntambwe alianza kueleza jinsi udongo wa pale ulivyo mwepesi kuliko wa nyumbani, na mihogo inavyochelewa kukomaa. Aliendelea hivyo mpaka kaka yake aliporudi. Ombi lile la msamaha halikujibiwa, na Abigaëlle hakuthubutu kulirudia. Asubuhi yake alipanda lori la kurudi Kolwezi.