Hori Mbele ya Kifaru

Mjomba wangu aliletwa kwangu Bigwa na jirani yake wa Kisaki, miguu imevimba, uso umejaa maji. Hospitali walituambia figo zote mbili zimechoka. Nilimpa chumba nilichokuwa nikisomea, kwa kuwa ndicho chenye dirisha linalotazama mlima, na karatasi zangu nikaziacha humo humo mezani.

Nilikuwa nafundisha historia sekondari, na jioni nikiandika tasnifu ya shahada ya pili. Mada yangu ilikuwa mihuri ya watu wa kale wa Bonde la Indus, huko Bara Hindi: vijiwe vya mraba, vingi vyenye ukubwa wa kiberiti, vilivyochongwa mnyama, na juu ya mnyama mstari wa alama ambazo hadi leo hakuna aliyeweza kuzisoma. Walikigandamiza kijiwe kwenye udongo mbichi, picha ikabaki. Mimi nilishughulika na vyombo vilivyochongwa mbele ya wanyama hao. Mbele ya fahali wa pembe moja kuna kitu kama kinara chenye bakuli. Mbele ya nyati, na hata mbele ya kifaru na chui milia, mara nyingi kuna hori, kama lile la kulishia mifugo. Nilikuwa nimeshaandika sura nzima kwamba hori lile ni ishara ya sadaka, kwamba wanyama hao walitukuzwa wakatengewa chakula.

Asubuhi moja nilimkuta mjomba ameketi kitandani, picha ya muhuri mmoja mkononi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nani kamchora huyu kifaru? Ngozi imekunjamana, si kama ya wa kwetu.”

“Watu wa zamani sana, wa Bara Hindi.”

“Na hiki cha mbele yake?”

“Hori la chakula. Tunadhani walikuwa wakimtolea sadaka.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Kifaru hali horini, mama. Mnyama wa porini ukimwekea chakula, una lako jambo.”

“Jambo gani?”

“Unamtega.”

Alijua anachosema. Ujanani aliishi kwa mitego kandokando ya pori la Kisaki, akafungwa kwa ajili hiyo, na nyumbani jambo hilo hatukulizungumza. Tangu siku ile alizipitia picha zangu moja moja. Ng'ombe wa nundu alimweka kando. “Huyu wa nyumbani, hana haja ya kudanganywa.” Picha ya chui milia aliitazama muda mrefu. Mimi nilikaa pembeni na daftari, naandika. Nakiri kwamba siku zile nilikuwa na furaha. Mtu alikuwa anakufa chumbani kwangu, nami nilifurahi kwamba nimepata hoja mpya.

Kila Jumamosi mama yangu, ambaye ni dada yake, alishuka kutoka kijijini kwetu mlimani na kikapu cha mboga. Alimpikia kaka yake uji wa ulezi akamlisha kwa kijiko, huku akimsimulia habari za parokiani. Jumamosi moja, mama alipokwisha kuondoka, mjomba aliniita. Mvua ilikuwa imeziba mlima wote.

“Mdogo wetu wa mwisho,” alisema, “mliambiwa aliuawa na nini?”

“Nyati.”

“Hapakuwa na nyati.”

Alinieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alikuwa amechimba shimo njiani kwa ajili ya nguruwe pori, akasimika ndani miti iliyochongwa, akafunika kwa majani na kuweka maboga juu. Wategaji walikuwa na desturi ya kufunga fundo la nyasi hatua chache kabla ya shimo, ili binadamu ajue apite mbali. Siku hiyo hakufunga. Askari wa wanyamapori walikuwa wamejifunza kulisoma lile fundo, naye aliogopa kurudishwa gerezani. Mdogo wake alikuwa ametoka mlimani kumwita, kwa kuwa bibi yangu alikuwa mgonjwa. Alipita njia ile ile.

“Nilimtoa mwenyewe,” mjomba alisema. “Nikawaambia watu nyati. Tukamzika huko huko.”

Nilimfunika miguu.

“Wewe kazi yako ni kueleza waliokufa walikuwa na maana gani,” aliniambia. “Mimi mdomo wangu haufiki. Mweleze dada yangu kabla sijaenda.”

Nilimwahidi. Jumamosi ikaja, mama akaingia na kikapu chake, akaketi, akakoroga uji. Mjomba alinitazama juu ya kijiko. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo. Jumamosi ya pili nikafanya vivyo hivyo. Ya tatu hakuiona.

Tulimzika mlimani, na kwaya yote ilikuja. Baada ya arobaini ndipo nilipomweleza mama, jikoni kwake, akiwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kisu chini.

“Alipomkuta, alikuwa bado hai?”

“Sijui, mama. Sikumuuliza.”

“Picha za vifaru uliuliza. Hilo hukuuliza.”

Niliokota ganda la kiazi sakafuni.

“Ungeniambia kaka akiwa hai ningemuuliza mwenyewe,” alisema. “Huenda ningempiga. Huenda ningeendelea kumlisha. Mmeninyima vyote.”

Tasnifu niliimaliza. Niliandika kwamba mtegaji mmoja wa zamani aliliona hori kuwa chambo. Katika mtihani wa mdomo mtahini akaniuliza ushahidi uko wapi. Nikamjibu kwamba sina, kwamba mihuri haisemi. Nikapita.

Wakati wa likizo mama alitaka kuliona kaburi. Tulikwenda Kisaki, yule jirani akatuongoza hadi mahali alipodhani ndipo. Palikuwa shamba la ufuta. Mwenye shamba, kijana wa kuja, alisema alilikuta hivyo na hakuona kaburi lolote. Mama alizunguka ukingoni mara mbili akitazama chini, kisha akasimama popote tu, akasali Baba Yetu, na mimi nikaitikia.

Tulirudi kwa basi. Alikaa dirishani, kiti kimoja mbele yangu. Nilimnunulia chupa ya maji. Akaipokea bila kugeuka vizuri na kuniambia, “Asante,” kama anayemshukuru mtu baki.