Masharti ya Kurudisha Suti

Ijumaa iliyopita, katika duka la mitumba la kanisa moja huku ughaibuni, mtaa wa Okolona, mama Mkongo aliyeshika suti nyeusi alinisimamisha. "Papa, pardon, vaa hii koti kidogo. Mutoto wangu na wewe muko urefu moja."

Nilivaa. Alivuta mikono ya koti hadi kwenye vifundo vya mikono yangu, akalaza kola kwa kiganja. Nilidhani ni zawadi na, kwa mazoea ya mtu aliyesomea sheria, nikalikagua kwenye kioo kabla hajalipa.

"Mama, limechanika mgongoni."

"Haina neno, papa. Atalala chali. Tunamuzika kesho."

Nililivua polepole, nikalikunja mpasuko ukiwa ndani.

Alipolipa, mhudumu alimpa risiti na kumweleza kwa Kiingereza, kama anavyomweleza kila mteja, kwamba nguo isiyomtosha mtu hurudishwa ndani ya siku saba. Mama akanigeukia. "Bon, anasema nini?"

Katika safu hii ya gazeti nimewahimiza wasomaji mara nyingi wasome kila sharti la mauzo, tena wasikubali tafsiri ya kubahatisha.

"Anasema pole, mama," nilimjibu.