Sentensi Moja Kwa Wiki Tatu

Nikisikia harufu ya iliki kwenye mkate wa moto, hasira niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na mmoja hunirudia yote.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu Buffalo, Marekani, tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma. Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiswidi, Bi Gunilla, karibu na Grant Street, nami nilipitia huko kila nikitoka shule. Nyumba yake ilinukia mikate ya iliki. Kwao aliwahi kuwa mwigizaji. Alianza jukwaani akiwa na miaka kumi na saba, akiigiza watumishi wa kubeba sinia. Baadaye akawa muuguzi kwenye televisheni, hata watu sokoni wakawa wanamwonyesha vidonda vyao. Kisha akaolewa na Mmarekani, akaja huku, na uigizaji ukaishia hapo. Kwa nini, hakusema.

Shuleni nilipewa sentensi moja katika mchezo wa kuigiza: "Mfalme amefika, fungueni mlango!" Bi Gunilla akaamua kunifundisha. Wiki tatu nzima, nisimame wima, nivute pumzi, nirudie.

"Bado," alisema. "Mlango haujafunguka."

"Mama, huyu bibi ananichosha!"

"Vumilia, mwanangu. Anakupenda."

Siku mbili kabla ya mchezo, mwalimu alimpa msichana mwingine sentensi yangu. Wazazi hawataelewa matamshi yako, alisema. Wewe utavuta pazia. Nilikwenda moja kwa moja kumfokea Bi Gunilla.

"Umenipotezea muda!"

"Omba msamaha sasa hivi!" Mama alinikaripia, uso umemwiva kwa aibu.

Bi Gunilla aliomba koti lake. Tulimkuta mwalimu kwenye korido ya shule, na sauti ya yule bibi iliwasimamisha hata wafagiaji.

"Mtoto huyu anasikika mpaka kiti cha mwisho. Umemsikiliza?"

Mwalimu alitabasamu. "Samahani, unasemaje?"

Akarudia, kwa lafudhi yake ya Kiswidi. Mwalimu akaomba tena. Alipoombwa mara ya tatu, Bi Gunilla alifunga vifungo vya koti, akageuka. Siku ya mchezo nilivuta pazia, na kwa miezi nilimchukia yule bibi kwa kushindwa mbele yangu.

Nilikuwa nimeshamaliza shule, naye ameshafariki, Mama aliponieleza. Miaka mingi Bi Gunilla alizunguka kumbi za mji huu kuomba kuigiza, na kila mahali walimwambia hivyo hivyo: samahani, unasemaje? Siku ile, alipoomba koti, alijua tayari atakachojibiwa. Akalivaa.