Waya Kwenye Tundu la Hewa

Juzi nilimpeleka shangazi yangu wa Namboboto kupigwa picha ya mgongo kwenye kliniki moja hapa Busia. Daktari alitaka picha hiyo ili aamue kama atampasua, na shangazi alikuwa amekosa usingizi wiki nzima.

Akalala ndani ya mashine inayonguruma kama ya kusaga mahindi. Picha zikatoka na mistari kama kitenge. Akarudishwa, mambo yakawa yale yale. Fundi wa mashine akaanza kupapasa kuta.

"Ndani ya kuta hizi kuna shaba, mawimbi ya redio yasiingie kuharibu picha," alinieleza. "Hata tundu la hewa ni bomba jembamba, refu. Hewa inapita, mawimbi yanakwama."

Halafu akachungulia tunduni. Ndani ya bomba hilo mlikuwa mmepitishwa waya wa spika ndogo.

"Boss, nani ameweka hii?"

Mwenye kliniki, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaishika tai yake. "Ni mimi, jana jioni. Wagonjwa wanaogopa kelele, nikasema wasikie nyimbo za injili."

"Basi huu waya umetuingizia redio zote za Busia, na za Uganda juu yake."

Waya ukatolewa, picha ikatoka safi. Daktari akasema hakuna kupasuliwa, ni mazoezi tu. Shangazi alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamgeukia mwenye kliniki kwa upole.

"Boss, nyimbo ni nzuri. Siku nyingine simama hapo nje ya tundu, uimbe mwenyewe."