Ndoo ya Bibi Dobi

Bibi alikuwa dobi tangu ujana wake, na mashine ya kufulia aliyoinunua mke wa mwanawe hakuiamini hata chembe. Fundi bomba alipokuja kuiunganisha na maji, bibi alimganda kama kupe.

"Huo mpira wa kutolea maji uweke kwenye ndoo," akaamuru, "nione hilo dude linaficha nini."

Fundi akaiwasha tupu. Maji yakatoka safi kabisa. Bibi akaguna, kisha akatumbukiza mashineni shuka alizozifua asubuhi ile kwa mikono yake mwenyewe.

Maji yakatoka rangi ya majivu.

Fundi akaitazama ndoo, akamtazama bibi.

"Koma!" bibi akafoka, na fundi hajasema neno. Akaibeba ndoo mbiombio akaimwage kabla mkwewe hajarudi.