Mlango wa Juu wa Friji ya Baba

Baba alifariki alfajiri ya Jumatano, mwezi wa sita, na hadi saa tatu asubuhi baba mkubwa alikuwa ameshapanga kila kitu. Kaburi lingeanza kuchimbwa saa kumi jioni, mazishi kesho yake saa nne. Aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni, koti limelowa ukungu, kana kwamba anapanga siku ya kuvuna viazi.

"Na kaka je?" nikamuuliza.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba, alikuwa Dar es Salaam. Nilikuwa nimetoka posta kumpigia simu kwenye duka la jirani yake. Alilia kwanza, halafu akasema mabasi ya siku hiyo yameshaondoka, atapanda la kesho alfajiri. Hesabu ilikuwa wazi: angefika Tukuyu Alhamisi jioni, na baba angekuwa ameshafunikwa udongo tangu asubuhi.

"Huyo hangojwi," baba mkubwa akasema. "Marehemu mwenyewe alisema asikanyage hapa hata siku ya msiba wake. Wewe si ndiye uliyemwandikia ile barua?"

Ni kweli niliandika mimi. Miaka miwili nyuma kaka alikuwa ameacha chuo cha ualimu, bila kumuaga mtu, akaenda kuuza mitumba. Zilikuwa enzi za ruksa, kila kijana anataka biashara. Baba, aliyepima majani ya chai miaka na miaka ili kaka asome, alishikwa na hasira ambayo sijaiona tena kwa mtu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo barua zake zote niliandika mimi. Ile nayo aliisema neno kwa neno, nami nikaiandika kwa hati nzuri kabisa. Kesho yake aliniita akaniuliza, "Ile barua umeshaipeleka posta?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Akasema, "Haya." Hatukuizungumza tena.

"Baba mkubwa," nikasema, "tungoje mpaka Ijumaa. Siku moja tu, jamani."

"Maiti haingoji, mwanangu."

"Tutamwekea barafu."

Watu wote sebuleni wakageuka kutazama friji.

Friji hiyo ilikuwa ya nyumba ya meneja wa shamba la chai. Shamba lilipopata wenye mali wapya, vitu vya zamani viliuzwa, na baba akarudi na friji juu ya trekta, uso unang'aa. Ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mama, na ilikuwa na jambo moja ambalo hakuna friji nyingine ya mtaani ilikuwa nalo: ilitengeneza barafu yenyewe. Bomba jembamba liliingia kwa nyuma, maji yakaganda, vipande vikaanguka kwenye kikapu chake, kwaaa! Baba alikuwa anawatilia wazee wa kanisa barafu kwenye maji ya kunywa, katika baridi ya Tukuyu! Masikini wazee walikunywa meno yakigongana, wakishukuru. Mlango wa juu, wa barafu, ulikuwa na kufuli lake, na ufunguo aliushika baba peke yake.

Ila tangu Krismasi hatukuwa tumeiona barafu. Tulipomuuliza alisema, "Mashine imechoka." Kwa kuwa hakuna mwenye shida na barafu kwetu, hatukujali.

"Hiyo imekufa," baba mkubwa akasema.

"Itafufuka," nikasema, kwa ukali uliomfanya mama anikate jicho.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa neno lililokwisha kusemwa. "Nionyeshe barafu kabla ya saa kumi," akasema. "Ukinionyesha, tutangoja. La sivyo vijana wanaanza kuchimba."

Barafu ya kuazima haikuwepo. Baa za mjini soda zao zilipoa kwa hali ya hewa tu. Nikamfuata fundi mmoja mzee wa Kyimo, aliyewahi kutengeneza umeme kwenye nyumba za lile shamba la chai. Akaja saa sita na mfuko wake wa spana, akampa mama pole, akaivuta friji kutoka ukutani. Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, na mlango wa pili ulikuwa wa chumba alicholazwa baba. Kila fundi alipogonga chuma wanawake walipunguza sauti za kuimba, kisha wakaendelea.

"Umeme upo," akasema. "Mota inavuma. Tuone maji."

Alifungua bomba kwa nyuma. Likatoka tope, kidogo, kisha hakuna kitu. Kwenye maungio kulikuwa na kichujio cha wavu, kidogo kuliko ukucha, kimeziba udongo mwekundu wa masika. Nilikiosha mwenyewe kwa mswaki. Alipokirudisha maji yakaruka mpaka kwenye nguo yangu, na mimi nikapiga vigelegele msibani, Mungu anisamehe. Mama akaniambia, "Wewe mtoto, una akili kweli?"

Tukangoja. Saa saba. Saa nane. Fundi alikuwa ameweka sikio kwenye mlango wa juu. "Haivuti maji," akasema. "Ingevuta ningesikia. Kuna kitu ndani kinaizuia. Nifungulieni hapa."

"Ufunguo uko wapi?" nikamuuliza mama.

Mama aliinama. "Baba yako hakuutoa kwenye koti."

"Koti lipi?"

Hakunijibu, na mimi nikajua. Lile koti jeusi la kanisani. Walikuwa wameshamvalisha.

Saa tisa kasoro niliingia kile chumba. Nilitaka mama aende, nikamwonea huruma; nilitaka fundi aende, nikaona ni aibu. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Baba, samahani," kwa sauti, kama vile nimempita bila kumwamkia. Mfuko wa nje ulikuwa mtupu. Ikabidi niingize mkono ule wa ndani, juu ya kifua. Kifua kile kilikuwa kimetulia mno. Ufunguo ulikuwa pale, umefungwa kwa uzi wa katani. Niliogopa, sitasema uongo, nikatoka nimeziba mdomo kwa khanga.

Fundi alifungua. Ukungu wa baridi ukatoka. Alimulika kwa tochi, akachokoa theluji iliyoganda kwa kijiti, akacheka kidogo.

"Ona huu mkono wa waya," akasema. "Barafu ikijaa kwenye kikapu, inauinua, mashine inaacha kazi. Wenu umeinuliwa. Mashine inadhani kikapu kimejaa."

"Kimejaa nini?"

Akatoa bahasha mbili za nailoni, moja juu ya nyingine, zimegandiana kama mawe. Ndani ilikuwa nyama ya mbuzi, mbavu. Kwetu Krismasi mbuzi akichinjwa mbavu za kulia ni za kaka, tangu alipokuwa mdogo, na hakuna aliyewahi kuzigusa. Kila bahasha ilikuwa na karatasi ndani yake. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimetetemeka, mstari unapanda na kushuka: YA MKUBWA. ISIGUSWE. Mkubwa ndivyo baba alivyomwita kaka.

Krismasi mbili. Ya kwanza ililala chini, mashine ikaendelea. Ya pili alipoiweka juu yake, waya ukainuka, barafu ikakoma. Naye alijua. Mtu aliyekuwa anaifuta ile friji kila Jumamosi angekosaje kujua? Aliona afadhali wazee wa kanisa wanywe maji ya bomba.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto. Fundi alishusha ule waya kwa kidole, taratibu, na tukasikia maji yanaingia ndani, tiririri, kisha kimya.

Saa kumi baba mkubwa alikuja, na nyuma yake vijana wanne na majembe. "Barafu iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa haijaganda bado. Nilimpa zile bahasha. Alizisogeza karibu na dirisha, akasoma, akarudia kusoma. Alikuwa anaijua ile hati. Walisoma shule moja.

"Aliandika mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe."

Alitazama mlango wa kile chumba. Kisha akawageukia vijana. "Wekeni majembe. Ijumaa." Akamshukuru fundi kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akanirudishia bahasha kwa mikono miwili.

Barafu ya kwanza ilianguka saa kumi na moja na nusu. Tangu hapo tulikuwa tunaitoa kila ilipoanguka, tukaijaza kwenye mifuko, tukampangia baba mbavuni.

Kaka alifika Alhamisi jioni, vumbi la Dar mpaka kwenye nyusi. Alikaa na baba peke yake, akatoka, akakuta bahasha nimeziweka mezani. Alizisoma.

"Alibadili mawazo lini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema sijui. "Kesho yake," nikasema. "Aliniuliza kama nimeshaipeleka barua. Nikamwambia ndiyo, nikiogopa atanigombeza kwa uvivu. Ilikuwa bado mkobani mwangu, kaka. Nikatoka pale mbio nikaipeleka."

Alinitazama. Nilingoja anipige, anitukane, chochote. Ndani ya friji barafu ikaanguka, kwaaa, wote tukashtuka.

"Kachukue," akasema. "Mzee asije akapata joto."